Kitabu Kinasema Mia, Binti Yangu Anasema Tisini

Bi Verlene mpendwa, naiandikia safu yako ya ushauri kwa hasira, nisaidie kabla sijatoa neno ambalo sitaweza kulirudisha.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Maren, ana miaka kumi na miwili na yuko darasa la saba, nimemsomesha mwenyewe hapa nyumbani tangu alipojua kushika penseli na sikuwahi kujuta mpaka mwaka huu wa sayansi. Nikwambie ukweli, mimi na sayansi hatupikiki chungu kimoja, shuleni niliifeli nikalia, ndiyo maana Agosti nilipoteremka Denver kwenye maonyesho ya vitabu vya kusomeshea nyumbani nilizunguka meza hadi meza siku mbili nzima nikichagua kama anayechagua mkwe, mwishowe nikachukua seti ile ya kijani yenye picha ya bundi, ina kitabu cha mwanafunzi, kitabu cha mwalimu na sanduku la vifaa, na kila mzazi kwenye ushirika wetu wa Alhamisi, sisi tunaosomesha nyumbani, aliisifia. Nilipofika nyumbani nikafanya kama ninavyofanya kila mwaka, nikachukua wembe nikakata kurasa za majibu kwenye kitabu cha mwalimu nikazipanga kwenye faili langu, maana hayo mengine ni maelezo marefu yasiyo na mwisho, nami nina nyumba na mbuzi wa kukamua, nataka jibu nisahihishe basi.

Sasa somo la sita linasema chemsha maji, tumbukiza kipimajoto, andika joto kila dakika mpaka liache kupanda. Majibu yangu yanasema litaishia nyuzi mia moja. Maren akaniletea daftari limeandikwa tisini. Nikamwambia rudia, akarudia, tisini. Nikamwambia wewe una haraka, hungojei maji yachemke, akasema, "Mama, yanaruka mpaka nje ya sufuria, njoo uone mwenyewe!" Nikaenda, nikaona mapovu kweli, lakini mapovu si mia, nikasema basi kipimajoto ni kibovu, nikawapigia waliotuuzia wakatuletea kingine bila maneno, tisini, nikanunua cha tatu, kile cha kupikia peremende, tisini tena, na vipimajoto vitatu haviwezi kuharibika kwa pamoja, Bi Verlene, kwa hiyo aliyeharibika ni nani? Nikamwambia anasoma namba kizembe. Akanijibu, na hapo ndipo damu iliponichemka kuliko hayo maji yake, "Mbona unakiamini kitabu kuliko macho yangu?"

Nikamnyang'anya daftari. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, haifutiki, nikabandika kipande cha karatasi nyeupe kwa gundi juu ya tisini yake nikaandika mia kwa mkono wangu, na kalamu nikaichukua nikampa penseli, maana daftari hilo ndilo atakaloliona mwalimu mkaguzi akija kutupima Mei, sitaki aibu. Aibu yenyewe ikaja mapema. Alhamisi, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, watoto wakionyesha kazi zao, Corrine anayesimamia sayansi akamwuliza Maren amepata ngapi, na binti yangu akasema kwa sauti mbele ya kina mama wote, "Mia ni ya Mama. Yangu imefunikwa." Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikaiuza seti ya bundi nikatafuta nyingine, nayo ikasema mia, nikaazima ya tatu, mia, vitabu vitatu vya wasomi dhidi ya mtoto mmoja mbishi! Nikamnyima kwenda kuteleza kwenye theluji na wenzake wiki mbili. Wiki iliyopita nikampa zoezi lilelile kutoka kitabu cha tatu, na hatimaye akaniletea mia, safi kabisa, kwa penseli, nikambandikia nyota ya dhahabu nikadhani tumevuka. Dell, mume wangu, akaniita pembeni. "Hajawasha jiko huyo," akaniambia. "Sufuria iko msumarini palepale, kavu." Nilipomwuliza Maren akasema, "Si umepata namba yako?" Na sasa amemwomba baba yake amwandikishe shule ya mjini Januari, na Dell, badala ya kusimama upande wangu, anasema tulifikirie. Miaka saba ya kazi yangu!

Niambie, mtaala gani wa sayansi unamfaa mtoto mkaidi namna hii? Na je, nimwachie aende zake au nikaze kamba? Samahani kwa mwandiko, naandika jikoni nikingojea maharagwe, unajua mwenyewe huku kwetu bila sufuria ya presha hata Krismasi itapita hayajaiva.

Mama Aliyechoshwa
Galena Fork, Kolorado, futi elfu kumi juu


Bi Verlene anajibu:

Mama Aliyechoshwa, nilikusudia kukujibu kwa upole. Nilikuwa nao upole huo mpaka nilipofika kwenye maharagwe yako.

Kwa nini hayaivi, mama? Umewahi kujiuliza, au unafunga mfuniko wa presha na kwenda zako? Hayaivi kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi, haiyabani maji kama inavyoyabana kule pwani, kwa hiyo maji yanachemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha kulainisha kitu. Yanachemka kwenye nyuzi tisini. Tisini ileile. Unalijua jambo hili kwa mikono yako kila siku ya Mungu! Ukitaka kuoka keki unageuza pakiti, unasoma maelezo ya watu wa milimani, unaongeza maji, unapunguza sukari, wala hubishani na pakiti. Mtoto wako akakuletea habari hiyohiyo, na vipimajoto vitatu mkononi, ukamwita mzembe.

Seti ya bundi ninayo hapa rafuni, niliitumia kwa mwanangu wa mwisho kati ya sita. Nimeifungua leo asubuhi. Kwenye maelezo ya somo la sita, ukurasa mmoja tu kabla ya majibu, imeandikwa hivi: "Mia moja ni kwa familia zinazoishi karibu na usawa wa bahari. Mkiishi milimani mtapata namba ndogo zaidi. Usimpe mtoto jibu. Mwulize anadhani ni kwa nini." Ndivyo walivyoandika, kwa ajili yako, watu ambao hawajawahi hata kukuona. Wembe wako ulipita hapo kando, ukachukua namba, ukaacha akili, na ukurasa huo ukauuza pamoja na kitabu. Halafu ukaenda kutafuta kitabu cha pili na cha tatu, na sina shaka wembe uliuchukua mfukoni.

Halafu unaniuliza ni mtaala gani. Hakuna. Nasema hakuna! Hakuna kitabu kitakachomfaa Maren mikononi mwa mtu anayekisoma mkiani.

Nakuonea huruma, sikufichi. Naijua hofu ya kufundisha somo ulilolifeli, unalishika lile faili la majibu kama anayeshika ukuta gizani. Mimi mwenyewe niliwahi kumkosoa mwanangu hesabu ukurasa mzima kwa kutazama majibu ya somo jingine, akalia, nikamwambia aache kudeka. Nilipogundua nilijifungia bafuni kwa aibu. Kwa hiyo sikugombezi kwa kutojua. Nakugombeza kwa sababu hofu yako uliichukua ukamvika mtoto, ukaiita ukaidi wake, kisha ukamnyima theluji kwa ajili hiyo.

Na Corrine naye asidhani amepona. Anaishi futi elfu kumi kama nyinyi, anasimamia sayansi, mtoto anasema mbele yake kwamba namba yake imefunikwa, yeye anacheka na wenzake? Na haya ayasikie naye Alhamisi.

Lakini lililonifanya nisukume kahawa yangu kando ni ile nyota. Mtoto alichemsha maji mara nne kwa vipimajoto vitatu, akasema kweli, ukamwadhibu. Siku alipoiacha sufuria msumarini akaandika uongo, ukambandikia dhahabu. Unaona ulichomfundisha? Maren amejifunza somo moja tu la sayansi mwaka huu, na amelijifunza vizuri sana: kwamba namba inayotakiwa ni ile anayoitaka mkubwa. Huyo si mbishi tena, amekata tamaa, nawe ukasherehekea. Kama ungekasirika siku hiyo ningekuelewa. Wewe ulikuwa unafurahi!

Sasa sikiliza, na usiruke mistari. Usinunue kitu. Faili la majibu mpe Dell alifungie kwenye gari lake. Kitabu cha tatu ulichoazima kinatosha, ilimradi usome maelezo ya mwalimu yote, mstari kwa mstari, siku moja kabla ya mtoto, hata kama mbuzi watapiga kelele. Kisha chemsheni maji. Utakayeinama na kusoma kipimajoto ni wewe, na Maren ndiye atakayeandika utakachomtajia. Usimweleze habari za hewa. Umeshamnyang'anya mengi, usimnyang'anye na hilo. Mwulize ni kwa nini, halafu unyamaze, hata akikaa siku tatu hajajibu. Najua wengi wenu mnateremka bondeni kula na ndugu sikukuu ya Shukrani mwezi wa Novemba, basi bebeni jiko la kambi na kipimajoto, mkisimama kunyoosha miguu chemsheni kikombe kimoja, mwache aseme namba kabla hamjapima. Itapanda kila mnaposhuka. Ninyi ndio wenye mlima, watu wa pwani hawawezi kulifanya zoezi hilo hata wakitaka, na wewe umeishi juu ya bahati hiyo ukiifunika kwa gundi.

Ile karatasi ibandue mbele yake. Itachanika kidogo, iache hivyo. Chini ya tisini yake andika kwa mkono wako kwamba ilikuwa sahihi na mama ndiye aliyekosea, utie tarehe. Mwalimu mkaguzi akija Mei mfungulie ukurasa huo kabla ya mwingine wowote. Na Alhamisi, ukumbini, mahali palepale walipocheka, ukasimame useme. Utaona haya. Yeye alisimama hapo na miaka kumi na miwili, nawe unaweza.

Kuhusu shule ya Januari, hutaki kusikia ila nitasema. Maren hakimbii nyumba yenu. Anatafuta mahali ambapo akiona kitu anaruhusiwa kukiandika. Ukimrudishia mahali hapo jikoni kwako, mwulize tena. Akisema bado anataka kwenda, mpeleke mwenyewe, mpakie chakula cha mchana, wala usilie mlangoni akakuona.

Hayo yote yatachukua wiki kadhaa. Moja halihitaji hata dakika, nami nataka ulifanye leo, maharagwe hayajashuka jikoni. Mrudishie kalamu yake ya wino.