Kichungi cha shaba kwenye mrija wa mzee

Malaba, Alhamisi, Aprili 1996

Mvua inanyesha tangu saa saba. Malori yamejipanga barabarani mpaka kule kwa kinu cha posho na hakuna hata moja linalosogea kuvuka. Mwanangu Akisa amelala. Baba yake yuko barazani, nyuma ya ukuta huu nilioegemea, anatikisa tangi la pikipiki. Ametia maji na kokoto ndani zikwangue kutu. Kwacha, kwacha, kwacha. Ni saa nzima sasa, hajapumzika na hajaniita.

Nimeaibika. Nimeliandika neno hilo mapema lisije likanitoroka.

Mimi si mtu wa kalamu. Niliachia darasa la saba, na hili daftari ni la hesabu za wakati huo, kurasa nyingi zilibaki tupu. Ila leo nina kitu kimenikaa kooni, na nikimweleza jirani kitafika sokoni kabla yangu. Afadhali kikae hapa.

Pikipiki ni ya mzee, baba mkwe wangu. Jina lake sitaji, hata humu ndani ambapo hakuna anayesikia. Aliinunua kwa padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao, siku zile mzee akiwa katekista, akitoka Chakol na kufundisha dini mpaka Moding. Watu wa zamani wanasema ulikuwa ukiisikia ikikohoa mbali unakimbia kunawa uso, maana katekista amefika. Ilikufa Baba Akisa akiwa hajaanza shule. Nilipoolewa hapa, miaka miwili sasa, niliikuta nyuma ya ghala ikiwa fremu tu, kuku wametagia penye kiti, na mpera umeota ukapita katikati yake.

Baba Akisa ni fundi. Krismasi iliyopita aliukata ule mpera, akaibeba fremu mpaka barazani, akasema mzee ataipanda tena kabla hajazeeka kabisa.

Gurudumu la nyuma ni lake lenyewe. La mbele ni la Mjapani, lilitoka Busia. Tangi lilivuka kutoka Tororo ndani ya kapu la mama wa ndizi. Injini ni mbili zilizokufa zikazaa moja. Taa ilikuwa ya trekta, na madigadi aliyakata kwenye pipa la mafuta akayapaka rangi nyeusi. Jamaa wa baiskeli za boda walikuwa wakipita wanamchokoza.

"Boss, hiyo ukiipiga kiki itakujibu kwa lugha gani?"

"Kiteso," anasema bila kuinua kichwa. "Zingine itajifunzia njiani."

Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Alikuwa na mikebe miwili ya kimbo kando yake. Mmoja wa vitu vilivyojulikana mahali pavyo. Mwingine wa vitu visivyokaa popote, ambavyo aliviita mayatima. Jioni kila kitu kinarudi mkebeni mwake, na mimi nafagia nikiruka mikebe.

Sasa nije kwa mrija.

Mzee ana mrija wake wa ajon. Kwetu Bukhayo tunauita lusekhe, lakini ni kitu kilekile: mrefu kuliko mimi, mwisho wake una kichungi kilichosukwa, ili unapovuta kutoka chunguni upate pombe bila makapi ya wimbi. Mrija wa mtu hauguswi ovyo. Mimi ndiye huuosha, huukausha na kuurudisha kwenye ala yake ya mwanzi. Ni kazi ya mke wa boma, na ndiyo kazi pekee ya mzee ninayopewa mkononi. Mambo mengine tunaheshimiana kwa mbali. Akiwa na neno kwangu hulipitisha kwa Akisa, mtoto wa miezi tisa. "Akisa, mwambie mama yako maji yamechemka." Na mimi namjibu Akisa.

Kile kichungi kilikuwa kimechakaa. Jumatatu ya wiki iliyopita, wazee wamezunguka chungu, nilimwona mzee akitema makapi pembeni. Akatema tena. Mzee mmoja akamwambia, "Wewe leo unakunywa au unakula ugali?" Wakacheka wote. Mzee naye akacheka, lakini mimi niliona aibu kwa niaba yake, kama kwamba ni mimi niliyemtia makapi mdomoni.

Walipoondoka nikauchukua mrija nikauosha. Kwenye mkebe wa mayatima nikaona kitu kizuri sana. Kofia ndogo ya waya wa shaba, laini, matundu yake madogo kuliko ya chandarua, ukubwa wa ncha ya kidole changu. Nikaijaribu kwenye mwisho wa mrija. Iliingia kama imezaliwa hapo. Nikaichemsha, nikaisugua kwa sabuni na majivu, nikaichemsha tena, nikaifunga kwa uzi.

Sikuuliza. Niliona ni yatima, nikampa kwao.

Sikufikiri kwamba pikipiki nzima ilitoka kwenye mkebe huohuo.

Kesho yake wazee walirudi chunguni. Mzee akavuta mara moja, akavuta tena. Akauinua mrija, akautazama mwisho, akawaonyesha wenzake. Kisha akasema kwa sauti, wote wakisikia, "Akisa, mwambie mama yako leo nimekunywa kama kijana. Mwambie mke wa mwanangu ana macho."

Miaka miwili niko kwenye boma hili. Nimepika, nimelima, nimejifunza Kiteso cha kusalimia na cha kuomba chumvi. Neno zuri la mzee mbele za watu lilikuwa hilo la kwanza. Nilienda nyuma ya jikoni nikajifuta macho na kona ya leso.

Na jioni hiyohiyo Baba Akisa akaniuliza, "Umeona kitu kama kofia ndogo ya shaba? Nimegundua inaingia ndani ya tangi, juu ya koki, ichuje petroli."

Nikasema hapana.

Lilitoka tu. Nilikuwa bado nimeshiba lile neno la mzee, nikaona nikisema ndiyo nitalitapika. Nikajiambia ni kitu kidogo, atapata kingine. Akapekua mikebe yote miwili, akafagia baraza lote kwa mikono yake, akasema labda kuku amemeza. Aliwatazama kuku kwa muda, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nachambua mboga. Nilizichambua mpaka zikabaki majani matatu.

Hakupata kingine. Alikuwa na nia ya kungoja mpaka apate Busia, lakini mzee alikuwa amepanga kwenda misa Jumapili kwa pikipiki yake, ameshatoa koti lake la ukatekista na kulianika. Isitoshe, Makokha wa Bumala alikuwa anakuja kutazama. Huyu Makokha anauza nafaka pale njia panda, na ana pikipiki tatu zilizokufa. Alisema, ikiwa hii itatembea atampa Baba Akisa zote tatu azifufue. Hiyo ingekuwa kazi mpaka Desemba, na jina. Basi Baba Akisa akafunga koki bila kichungi.

Jumapili ilianza vizuri mno. Kiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ikanguruma, kuku wote wakaruka. Mzee alikaa nyuma na koti lake, amenyooka kama yuko kwenye kiti cha kanisa, na wakaingia barabarani, watu wakitoka madukani kuangalia. Mimi nilifuata kwa miguu na Akisa mgongoni, Makokha kando yangu, tukisikia ile sauti ikipanda kilima.

Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Tulipowafikia Baba Akisa alikuwa anasukuma, mzee anatembea nyuma ameshika kofia. Malori yalikuwa yamesimama foleni upande ule, madereva wamekaa kwenye ngazi za milango, hawana la kufanya. "Mzee, ulimlipa fundi au ulimlipa punda?" mmoja akauliza. Wengine wakagonga bodi za malori kwa viganja, wanacheka. Baba Akisa akaifungua kabureta palepale barabarani. Ilimwaga matope mekundu kwenye kiganja chake. Kutu ya lile tangi la Tororo.

Akanionyesha kiganja. "Mama Akisa, kile kichungi. Kile kichungi tu kingeizuia hii."

Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Na nikaficha mara ya pili. Mara ya kwanza ningeweza kusema sikujua. Mara hii nilijua kila kitu, nikamtengeneza Akisa mgongoni kana kwamba anateleza.

Makokha hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Alisema polepole, "Fundi, nimeona. Kama imeshindwa na kilima hiki, zangu zitafika Bumala kweli?" Akapanda matatu akaenda.

Toka siku hiyo Baba Akisa hajashika spana. Juzi jamaa mmoja wa Tororo alipita akasema injini anaitaka, na gurudumu la mbele pia. Wakakubaliana aje Ijumaa asubuhi. Fremu itarudi nyuma ya ghala. Mzee alipoambiwa alisema, "Wewe ndiye fundi," akaenda kulala mchana, jambo ambalo halifanyi.

Ijumaa ni kesho.

Leo asubuhi nilikuwa namwogesha Akisa uani. Mzee akaja na kigoda chake, akakaa mbali kidogo, amegeukia barabara. Mrija alikuwa nao. Akangoja mpaka nikammaliza mtoto.

"Akisa," akasema, "mwambie mama yako ajon yangu ilikuwa na harufu ya petroli kidogo. Kwa mbali sana. Nilidhani ni uzee, mtu akizeeka hukumbuka vitu kwa pua."

Niliacha kumkausha mtoto.

"Jumapili nikasikia baba yako akililia kichungi. Nikaenda kutazama mwisho wa mrija wangu."

Akafungua kiganja. Kile kikofia kilikuwa hapo, na uzi wangu mwekundu bado umefungwa. Akasimama, akakiweka juu ya kigoda.

"Mwambie mimi sitasema. Mimi makapi nimeyatema miaka mingi, si kitu. Lakini mtu wa Tororo anakuja na spana zake."

Akaenda. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka, anakitaka kile kitu kinachong'aa, nikakiwahi kabla hajakipeleka mdomoni.

Nilizunguka nacho mkononi mpaka saa sita. Nilienda kisimani maji yakiwa yamejaa mtungini. Nilifikiri kukidondosha barazani akiokote mwenyewe, aseme kumbe kilikuwa hapa. Niseme ukweli, nilifika mpaka barazani kwa ajili hiyo. Nikainama kabisa. Ila nikaona mahali alipofagia kwa mikono siku ile, alama za vidole bado ziko kwenye vumbi chini ya benchi, nikashindwa.

Nikamwendea na kukiweka gotini pake. Nikamwambia yote, kuanzia makapi mpaka kilima. Nilitaka kuongeza lile neno la mzee, la macho, ili anielewe, lakini lilipofika mdomoni likaonekana dogo sana.

Hakunipigia kelele. Alikigeuzageuza, akaufungua ule uzi mwekundu kwa ukucha.

"Kukichukua si kitu," akasema. "Ungeniomba ningekupa, kingine ningekitengeneza kwa waya. Lakini Jumapili ulikuwa umesimama pale. Nilikuonyesha mkono wangu."

Nikasema ndiyo.

"Mimi siku nne najiuliza kama mimi ni fundi."

Makosa mengine unaomba msamaha na kuna mahali pa kuuweka. Hili sijui niuweke wapi. Nilimwacha mume wangu achekwe na madereva, halafu nikampikia chai.

Alikitia kichungi kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Baadaye nikasikia anaokota kokoto njiani, mvua ikiwa imeanza. Kisha hiyo kwacha kwacha. Sijui maana yake ni nini. Labda ni hasira tu. Labda jamaa wa Tororo atarudi kwao kesho na gunia tupu.

Nilipofika hapa kwenye kuandika, ameita. Hakuita kwa ukali, hakuita kwa upole. "Mama Akisa, njoo ushike upande huu." Nimeenda. Tumelishika tangi yeye kule na mimi huku, tumelipindua, maji mekundu yakatoka, mara ya pili yakatoka ya rangi ya chai, mara ya tatu nikaona mikono yangu ndani yake. Mikono yote minne ilikuwa na kutu, na aliponipa kitambaa alinipa kile kile alichojifutia.

Nimerudi kumalizia ukurasa huu kabla Akisa hajaamka.

Mrija wa mzee nimeufunga kitambaa safi mwishoni. Hakitadumu. Jumamosi nitatafuta ukindu nijifunze kusuka kile kichungi chao, vile wanavyosuka wao, hata kama wanawake wa hapa watacheka vidole vyangu.

Lakini kesho, Mungu akipenda, nitapanda gari la asubuhi mpaka Bumala. Nitamkuta Makokha kwenye magunia yake, mbele ya wateja kama watakuwepo, nimwambie fundi hakukosea, ni mke wake. Baba Akisa sijamwambia. Akinizuia nitaenda Jumatatu.

Mdomo uliosema hapana ndio utakaokwenda.