Mzee wa Section 58

Lanet, Jumatano

Mdogo wangu Kipkemei,

Pokea salamu, na natumaini kifua hakikusumbui na hii baridi. Sisi tu wazima. Mama huko Njoro bado anakama ng'ombe mwenyewe, ukimshika mkono anakufukuza. Nakuandikia kwa sababu ya kitu nilichopoteza Agosti ya mwaka juzi: neno la mwisho la Baba. Wewe ndiye uliyekuwa naye wodini. Ulitoka ukatuambia alilala tu, hakusema kitu.

Jumamosi niliwapeleka wafanyakazi wa duka langu la hardware kwa ule mchezo wa mtaani Section 58, mnafungiwa chumbani mnatafuta ufunguo kabla saa kuisha. Mia nane kila mtu, watu watano, elfu nne. Nilinung'unika, lakini walikuwa wameuza simiti vizuri. Chumba kimepangwa kama nyumba ya mkulima: taa ya chemni, gambuti zenye matope, na kitandani mzee mgonjwa, mtu halisi aliyevaa barakoa ya makunyanzi. Micah, mmoja wa wafanyakazi wangu, alimuuliza kama kadi yake ya hospitali bado inafanya kazi. Tulicheka sana.

Kisha mzee akakohoa, akageukia mlango. Akasema Kogo afunguliwe, amesimama nje kwenye baridi, na asiulizwe alikuwa wapi.

Kicheko kilinikauka. Ni Baba peke yake duniani aliyeniita Kogo, yaani nyanya, kwa vile nilipewa jina la mama yake. Wenzangu walikimbilia mlango, wakapata ufunguo juu ya fremu, wakashangilia. Mimi nilikuwa natazama mkono juu ya blanketi: kidole gumba kisicho na ncha. Siku mashine ya kukatia ng'ombe nyasi ilipokukata, ni mimi niliyekufunga kidole hicho.

Nilidhani umeniona ukaamua kunitania. Nikamuuliza Mugure wa mapokezi. Akaniambia, mathe, mzee husema hivyo kwa kila kundi tangu tufungue, na hapo ndipo watu hulia. Maneno aliyaleta mwenyewe.

Hata wageni wanaotoka Naivasha kuja kucheza wameyasikia. Mimi, tangu nikatae kufunga duka nirudi shambani, Baba hakupokea simu yangu tena. Siku ile ya mwisho ya Baba, uliponipigia, nilikuwa napima misumari. Ningefika wodini kwa dakika arobaini. Ulisema nisiharakishe. Nimeishi nikijua alikufa akiwa amenifungia mlango.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Jumatatu nilirudi, nikalipia chumba chote, nikaingia peke yangu, nikaketi kando ya kitanda nisikie tena. Uliniona. Ulikohoa, ukageukia ukuta, ukanyamaza mpaka saa ikaisha.

Msalimie Cheptanui, na umbusu mtoto. Sitaki pole, na usinieleze mambo ya kazi. Jumapili tunaenda kupalilia kaburi, na lazima nijue nitasimama pale kama nani. Baba aliyasema maneno yale, au uliyatunga? Ndiyo au hapana, kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Dada yako,
Jepleting