Hapa Wapi?

Tarehe 4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila miguu inalalamika kwa kusimama. Wewe je? Mgongo, na lile jicho la kulia linalokuletea ukungu? Nisalimie majirani, hata yule muuza mkaa mwenye maneno.

Najua simu ya jana imekukasirisha, maana na mimi imenikasirisha. Nimeachana na zile kadi za kukwangua zilizokuwa zikinimalizikia katikati ya neno. Sasa napiga kwa huduma ya simu ya intaneti. Wenyewe wanajisifu kwamba ni kama mtu yuko chumba cha pili. Basi chumba hicho kina ukuta mnene, kwa sababu neno langu linakufikia nikiwa nimeshasema jingine, tukawa tunagongana kama watu wawili mlangoni. Nusu ya maongezi ilikuwa "Upo?" na "Nipo." Nilipofika kwenye habari ya jicho lako, ikakatika.

Nifanyeje? Nafasi ya kupiga ninayo wakati wa chakula cha mchana tu. Hapa hotelini simu tunazifungia kwenye makabati kabla ya kuingia chumba cha kufulia, na msimamizi wetu ana masikio ya popo. Siku nzima ni mashuka: kutia, kutoa, kukunja. Niandikie daktari alisema nini.

Ni mimi kitindamimba wako.

*

Tarehe 26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa kujikongoja, mgongo umetulia kidogo. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, na lifanyiwe upasuaji mapema kabla halijafunga kabisa. Amenipa tarehe mwanzoni mwa Aprili, na anataka niende na mtu wa kunishika mkono.

Sasa nijibu wewe. Ile namba uliyonipigia ilinishangaza, nikampelekea fundi simu wa pale kona. Zamani ukipiga, namba yako ilikuwa ndefu kama treni. Hii ni fupi, inaanza kama yangu. Fundi akaitazama, akaitazama tena, akasema, "Mama, hii namba ni ya hapa hapa nchini." Ndipo nikakumbuka. Nilipokuuliza upo, ulijibu, "Nipo, mama, nipo hapa."

Hapa wapi?

Mimi si mtoto mdogo. Binti wa muuza mkaa naye alirudi kimyakimya, akapanga chumba mtaa wa tatu, akawa anampigia mama yake anamsimulia baridi ya ughaibuni. Alikuja kuonekana sokoni anachagua nyanya, kajitanda mtandio mpaka puani. Kama umerudi mikono mitupu, njoo nyumbani. Sikukuzaa kwa ajili ya mizigo.

Mama yako.

*

Tarehe 15 Machi

Mama,

Shikamoo, na nyingine juu yake. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya rundo la mataulo. Nilicheka, kisha nikaona kwamba wewe hutanii.

Sijarudi, mama. Huduma hii hukupa namba ya nchi unayoitaka, nami nikachagua ya kwetu ili ukinipigia iwe kama unampigia jirani. Namba iko huko, mimi niko huku. Niliposema nipo hapa nilikuwa na maana kwamba nakusikia, basi. Ndani ya bahasha nimetia picha yangu mbele ya mashine za kufulia, na stempu uitazame vizuri.

Na mimi nina swali. Mbona siku hizi nikipiga sisikii cherehani? Miaka yote umeongea nami huku unaikanyaga, na kwa mwendo wa mguu wako nilijua kama umefurahi au umenuna. Sasa ni kimya kitupu. Umeacha kushona? Jicho limefika huko na unanificha? Nakuomba uende ukapasuliwe, mtu yeyote akushike mkono. Nina wasiwasi mpaka nakunja mashuka kinyume.

Kitindamimba wako.

*

Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Picha nimeiona kwa jicho linaloona. Mashine kama hizo hata hospitali yetu zipo. Na habari za stempu usiniletee. Mtu akitaka kujificha humwachia shoga yake barua ampostie. Hata hii naiandika kwa anwani ileile ya huko, shoga yako atakufikishia.

Juzi nilikupigia asubuhi. Akapokea mwanamke, sauti laini, lugha yetu anaijua kunishinda, akaniambia hupatikani. Nikamwambia mimi ndiye mama yake mzazi. Akarudia maneno yaleyale, hata salamu hana. Huyo ndiye unayekaa naye? Mwambie hakufunzwa.

Cherehani naikanyaga kila siku. Hata siku ulizopiga nilikuwa naikanyaga. Ukisema huisikii, nami najua hunisikilizi. Ila kazi zinachelewa kwa ajili ya jicho, wateja wamenichoka. Cherehani nimeisogeza nyuma ya mlango, na mlango nimeufunga. Wakibisha nawaambia, "Bado vifungo tu, njoo kesho." Kwa hiyo usinifundishe mimi ahadi. Mimi ni fundi, najua uongo unavyopigwa pindo.

Kwa daktari sikwenda. Mtu wa kunishika mkono ni wewe, na wewe uko hapa. Mtoto wa jicho ninaye, mtoto wa tumbo simwoni. Daktari amenipa nafasi nyingine mwisho wa Juni, anasema ikipita hiyo huenda jicho nikaliaga. Siendi mpaka uingie kwa mlango wangu.

Mama yako.

*

Tarehe 28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hali yako siiulizi, maana umeamua mwenyewe iwe mbaya.

Huyo mwanamke si mtu, ni sauti iliyorekodiwa. Humjibu hivyo kila anayepiga simu yangu ikiwa imefungiwa kabatini. Na kuhusu cherehani niliwapigia wenye huduma. Nilisubiri na muziki wao mpaka chakula changu kikapoa, halafu kijana mmoja akanieleza kwa fahari kwamba mtambo wao huchuja kelele zote, hubakiza sauti ya mtu peke yake. Nikamwambia, "Hiyo si kelele, kaka. Hiyo ni kwetu." Akaniuliza kama kuna jambo jingine la kunisaidia.

Nikasema lipo: nipe namba ya huku niliko, mama yangu aone nilipo. Akanipa. Nikakupigia kwa namba hiyo, nikarudia siku nyingi, hukupokea. Mwisho nikampigia muuza mkaa, akaniambia umeapa hupokei namba za nje, eti ni za matapeli. Hapo nililia, mama, na wenzangu wakadhani nimefiwa. Nikipiga kwa namba ya kwetu mimi mwongo, nikipiga kwa ya huku mimi tapeli. Niambie nipige kwa namba ya nani.

Nimeomba likizo. Msimamizi anasema huu ni msimu wa wageni, mashuka hayajifui. Jicho ni lako, lakini usilipoteze kwa ajili ya kunikomoa mimi. Nakusihi.

Kitindamimba wako.

*

Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Jicho la kulia sasa linaona mwanga tu. Sindano hunitungia uzi mama wa jirani.

Ulipiga tena jana kwa ile namba ya hapa. Nikakuuliza upo, ukasema nipo. Nimechoka na neno hilo. Usinipigie tena kuniambia upo. Mtu aliyepo hasemi kwamba yupo, anaonekana.

Mama yako, kama bado unamtaka.

*

Tarehe 23 Juni, barazani

MAMA,

SHIKAMOO. Barua hii haina stempu. Naiandika kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi ya tiketi yangu, nimeiegemeza kwenye mlango wako.

Nimekupigia simu nikiwa hapa. Nikasema, "Mama, nipo hapa." Ukasema, "Nimeshazoea," ukakata. Nilikusikia mara mbili, kwanza dirishani, kisha sauti ileile ikaja simuni kwa kuchelewa. Nikabisha kwa mkono, kisha kwa kiatu. Ukapaza sauti kutoka ndani, "Bado vifungo tu, njoo kesho." Nimekuita mama, lakini mtaa mzima unakuita mama. Muuza mkaa amesimama kule anacheka mpaka ameweka gunia chini.

Umenituhumu miezi yote hii kwamba najificha, kumbe anayejificha ni wewe.

Likizo nilinyimwa. Nimekuja bila likizo, na nikirudi huenda nikakuta kabati langu lina mtu mwingine. Nina hasira, mama, sitakuficha. Nina hasira na simu, na msimamizi, na wewe hasa. Lakini siku ya daktari ni wiki hii, na mkono wa kukushika nimekuja nao.

Cherehani naisikia. Unaikanyaga kwa hasira, mguu wa kulia unatangulia, vilevile. Nimekaa kidogo kuisikiliza kabla ya kuisukuma karatasi hii chini ya mlango, kwa hilo unisamehe. Ikikugusa mguu, simamisha gurudumu, inama, usome kwa jicho zima.

Sikuleta kitambaa. Sidai nguo yoyote humo ndani.

Nipo hapa. Safari hii hapa ni hapa. Fungua.

Kitindamimba wako.