Bakora ya Askofu

Jumatatu, 6 Agosti 1934
Padre kaja shambani kwa pikipiki. Askofu atakuja Jumapili kutoa Kipaimara! Na mimi Phineas, nyapara wa shamba na mwalimu wa dini, ndiye nitakayemshikia fimbo yake. Nasike mke wangu amecheka, eti nisivimbe kichwa.

Padre ameniandikia jina la fimbo hiyo kwa Kilatini: baculus. Nikauliza maana. Kumbe ni fimbo tu ya kutembelea! Baadaye ikawa ya mchungaji, yenye shingo iliyopinda, ya kumvuta kondoo aliyetumbukia shimoni. Niwaambie wanafunzi ni bakora.

Alhamisi, 9 Agosti
Darasa limeniharibikia. Nilipotamka bakora, mwanafunzi wangu Priscah akatazama chini. Mzee Kipyego, kibarua wa shamba naye anayengoja Kipaimara, peke yake ndiye aliyesema. Amechunga ng'ombe tangu utotoni, alisema; fimbo ni ya kuwaonyesha njia na kufukuzia fisi. Anayewapiga ng'ombe wake kichwani hunyang'anywa kundi.

Kisha akavua kofia. Lile kovu! Mimi ndiye niliyemtia kwa bakora yangu, mwezi wa sita, tukipalilia mahindi, kwa sababu alichelewa. Mzee wa rika la baba yangu. Nimeona aibu sana. Nikafunga kitabu, nikasema tusali.

Jumamosi, 11 Agosti
Desturi yetu: kabla ya Kipaimara, mwenye kisa na mwenzake hupatana mbele ya darasa, la sivyo hapigi magoti kwa Askofu. Wengine wote walishikana mikono. Kipyego alibaki mlangoni. Nikamwendea – Mzee, nisamehe. Akasema amesikia. Lakini je, Jumatatu nitaibeba tena bakora yangu?

Bwana mwenye shamba hataki nyapara asiye na bakora. Nikiiacha, kazi kwisha, na nyumba hii ya kazi kwisha. Nikaanza kukusanya vitabu. Akaenda zake.

Jumapili, 12 Agosti
Saa moja asubuhi. Kengele ya kwanza imelia. Nimeshavaa kanzu nyeupe. Kipyego ameketi nje penye ua wetu, shati safi, kofia magotini. Hajabisha hodi. Wenzake wamempita wakienda kanisani.

Nimemwambia Nasike habari yote. Ameendelea kupuliza moto. Bakora yangu iko hapa mezani, kando ya daftari hili. Mpini wake umeng'aa kwa jasho la mkono wangu.

Kengele ya pili. Nasike ameepua sufuria ya chai kabla haijachemka. Moto ameuacha wazi. Anaitazama bakora, kisha ananitazama –