Kiti cha Nyuma cha 404

Makadara,
6 Machi 1994

Dada Nekesa,

Nimemkosea Mama. Nianze na hilo, salamu zifuate: hapa hatujambo, homa ya watoto imeisha. Miguu ya Mama bado imefura?

Ile gari ya marehemu baba, 404, haiko. Miaka miwili nawaandikia imebaki kidogo tu kutengenezwa, nakuja nayo kumpeleka Mama kwa daktari Eldoret. Uongo. Nilianza kwa kutoa rejeta ya kupoza injini, sababu 504 yangu ilikuwa inachemka na mteja wa kuikodi anangoja. Halafu gia boksi. Mwisho bodi nikauzia watu wa Gikomba, wakaikata wakatengeneza majiko.

Hapa gereji vijana hubishana gari ni ipi, 404 ama 504. Wanasema 504: inapanda mlima wa Timboroa ikipita malori. Mimi nainamia injini. 404 ilipanda polepole na watu wanane na kuku, yale mapezi ya bodi kama ya samaki yakimeta huko nyuma, na sikumbuki ikichemka hata siku moja. Na hiyo 504 wanayosifu inatembea na matumbo ya 404.

Usimwambie Mama. Mwambie tu akubali 504.

Ndugu yako,
Masinde


Webuye,
14 Machi 1994

Kaka Masinde,

Sisi tuko. Mama hayuko sawa, kufura kumefika mapajani.

Umesahau barua zako nasomea wapi? Kitandani kwa Mama, kwa sauti, Mzee Nyongesa wa hapo jirani akiwa amekaa na chai yake. "Nimemkosea Mama" ilinitoka mdomoni kabla nione inaenda wapi. Nikajaribu kuruka. Mama akasema, "Soma yote, usinichagulie."

Mwezi wa kwanza Nyongesa alikuja na pikap yake ampeleke Eldoret. Mama akamfukuza: "Mtoto wangu anakuja na gari ya babake. Wewe kabebe mahindi yako." Nyongesa akacheka. Juzi, barua ikisomwa, hakucheka.

Mama ameuliza kitu moja tu. Kile kiti cha nyuma alichonizalia, nacho kimekuwa jiko?

Dadako,
Nekesa


Makadara,
19 Machi 1994

Dada,

Pole na kuuguza. Kiti kiko. Wateja ndio hukikalia hapa nje wakingoja. Nimekiosha na sabuni, nakiweka ndani ya 504. Hakikai sawa, nachomelea vyuma. Jumamosi tarehe ishirini na sita nitakuwa hapo, Mama akalie kiti chake mpaka Eldoret. Nyongesa akija tena, mwambie asante, mimi nafika.

Ndugu yako,
Masinde


Webuye,
29 Machi 1994

Masinde,

Sikuulizi hali.

Jumamosi tulimvalisha Mama ile gauni ya kanisa. Akakaa mlangoni mpaka giza. Jumapili Nyongesa akaleta pikap. Mama akakataa kupanda, akasema, "Huyo mtoto alisema Jumamosi, labda alimaanisha leo." Jana asubuhi akatuacha.

Tunazika Jumamosi, ndiyo maana barua hii naituma kwa basi ya usiku. Nyongesa ndiye alimpeleka mochari, kwa pikap.

Nekesa


Makadara,
30 Machi 1994

Dada yangu Nekesa,

Sina salamu.

Usifikiri gari iliharibika. 504 ilikuwa tayari tangu Ijumaa, kiti ndani, mafuta yamejaa. Nilikaa kwa usukani nikafikiria uso wa Mama. Nikashuka, nikasema chuma hiki hakijashika vizuri. Nikachomelea tena mahali palikuwa pazima. Jumapili pia. Vijana wakauliza, "Mzee, hiyo kiti unaijenga ama unaificha?"

Barua hii nampa kondakta wa basi ya leo usiku, ifike kabla yangu, nikikuja nisiweze kugeuza maneno. Isome kwa sauti. Wote wasikie.

Kesho jioni natoka. Jumamosi tarehe mbili, kabla udongo haujarudi, nitashusha kile kiti hapo kaburini. Nitasimama nimwambie Mzee Nyongesa, wajomba wakisikia, kwamba pikap yake ingemfikisha Mama Eldoret, na mimi Masinde ndiye nilimzuia.

Mtoto wa Mama,
Masinde