Sare Niliyoifua Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumatatu haijafika, maana siku hiyo natakiwa kutoa maelezo polisi na mpaka sasa sijui kama miguu itanifikisha huko au itanirudisha nyumbani. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, mkuu wa chumba cha pasi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, na kazi hii nilitafutiwa na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye msimamizi wa stoo. Chini yangu kuna binti tuliyempachika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Miezi miwili iliyopita, saa tisa mchana, shemeji alimwita stoo akasaidie kupanga mataulo, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi vifungo vya sare vilikuwa vimepishana, akapita moja kwa moja hadi chumba cha kubadilishia nguo, nikamfuata, akaniambia, "Dada, alifunga mlango. Amenilazimisha. Nilimwambia hapana, Dada, nilimwambia."

Mshauri, sikumwuliza hata kama ameumia. Nilimwambia, "Nawa uso, vua hiyo sare, usimwambie mtu, funika kombe mwanaharamu apite," kisha nikaichukua sare nikaitia kwenye mashine kwa mkono wangu, maji ya moto, sabuni mara mbili, nikaipiga pasi, nikamrudishia. Kuanzia hapo Chiriku akawa mtu wa "ndiyo" na "hapana" tu.

Mwezi uliofuata walikuja wanawake wawili kutoka shirika la kitaifa linalosaidia waliofanyiwa ukatili wa kingono, wakatukusanya kwenye ukumbi wa chakula kutufundisha namna ya kuyazuia mambo hayo kazini, mmoja akasema nguo za aliyebakwa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, na mwenyewe awahi hospitali ndani ya siku tatu apate dawa za kinga, nami nikajikuta natazama viganja vyangu. Chiriku alichukua namba yao ya bure, akapiga, wakampa mtu wa kuzungumza naye kila Alhamisi, wakamsindikiza hospitali na polisi, na sasa wakili wao anasema ni mimi pekee niliyemwona alipotoka stoo. Mama mkwe ananiambia, "Ukimfungisha mwanangu, usikanyage tena mlangoni kwangu," mume wangu anasema, "Amua mwenyewe," kisha anageukia ukutani, na shemeji ameshanikumbusha mara tatu ni nani aliyeniingiza kazini. Nikisema, nyumba itabomoka, na watu watajua kuwa sare niliifua mimi. Nikinyamaza, yule binti ataonekana mwongo. Nifanye nini?

Mama wa Pasi

JIBU

Mama wa Pasi, pole. Naanza na pole kwa sababu baada ya hapa sitakubembeleza.

Alichofanyiwa Chiriku kinaitwa ubakaji, na katika barua yako nzima neno hilo umelitaja mara moja tu, tena kwa mdomo wa mtu mwingine. Binti alikimbilia kwako, wewe ukakimbilia sabuni. Hukufanya kwa roho mbaya. Ulifanya tulichofundishwa wengi wetu, kwamba aibu ni ya aliyeumizwa. Lakini kutojua kuna mwisho, na kwako kuliishia pale kwenye ukumbi wa chakula.

Unasema nyumba itabomoka. Aliyeibomoa ni yule aliyefunga mlango wa stoo. Mama mkwe wako anamlilia mwanawe, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, simlaumu kwa kulia. Chiriku naye ana mzazi. Mumeo mwambie ukuta hautoi ushauri. Na shemeji alikutafutia kazi, hakukununua.

Sasa sikiliza. Piga ile namba ya bure leo, usingoje Jumatatu. Muulize wakili wao shahidi analindwaje, na umweleze vitisho vya shemeji, kila kimoja na tarehe yake. Habari ya sare iseme yote. Ikitoka mdomoni mwako ni ukweli. Ikichimbuliwa na wakili wa shemeji itakuwa fimbo ya kumchapia binti. Usimfuate Chiriku kumwomba msamaha ili wewe upate usingizi. Mwachie ujumbe yule anayezungumza naye Alhamisi. Binti akitaka kukuona, atasema. Shemeji mkwepe, hata akija na maneno matamu.

Tena wewe ni mkuu wa chumba, usijifanye mdogo. Waombe wale wanawake warudi wawafundishe wasimamizi, si wafuaji peke yao, maana mwenye ufunguo ndiye wa kufundishwa kwanza. Udai malalamiko yasipitie kwa mtu yuleyule anayelalamikiwa. Na kuanzia kesho, binti yeyote akiitwa stoo peke yake, nenda naye.

Jumatatu acha maoni yako nyumbani. Sema ulichoona, ulichosikia na ulichofanya, usome maelezo, utie sahihi. Na mama mkwe akikuuliza asubuhi unakwenda wapi, usimwambie sokoni.