Kona Ambazo Baba Hazikumbuki

Oruro, 4 Agosti 1997

Baba mpenzi,

Shikamoo. Naahidi kukueleza kila kitu, hata yale ambayo ungependa nisiyaseme. Mimi ni mzima, ila baridi ya bweni inauma masikio. Wewe hujambo? Mgongo je?

Shule ni nzuri. Wenzangu wananiita Binti Lori kwa kuwa nikilala nakoroma. Nawajibu kwamba lori letu lina sauti tamu kuliko zao. Lakini Baba, darasani nawaza kile kiti cha kando yako. Likizo nzima nilikaa pale nikikutegea vitendawili mpaka bandari ya Arica ili usisinzie. Sasa nani anakutegea? Tajiri amekupa dereva wa kupokezana, au bado anasema mishahara miwili itamfilisi?

Mwanao akupendaye,
Sabina

Arica, 20 Agosti

Mwanangu Sabina,

Marahaba. Mimi mzima kama jiwe, na mgongo umeacha malalamiko. Nimechelewa kujibu kwa sababu mizigo ya soya imefuatana. Nikishusha bandarini, tajiri ananiita tena kabla sijavua viatu. Kiti chako hakina mtu. Usiwaze, majani ya koka yapo shavuni, nayatafuna kufukuza usingizi.

Tena nina habari njema. Jana adhuhuri, nikiteremka kuelekea Putre, lami iligeuka ziwa. Vikunya, wale ngamia wadogo wa milimani, wakawa wanatembea juu ya maji, shingo zao ndefu zikiyumba kama matete, wala hawakulowa. Nikageuka, marehemu mama yako ameketi kitini pako, anamenya viazi. Nikamwambia, "Umechelewa, Felisa." Akacheka, akasema, "Wewe endesha tu." Moyo wangu ulitulia, mwanangu, kama ambavyo haujatulia tangu tumzike. Nilipotazama mbele tena, nilikuwa nimeshafika chini. Zile kona zote sikumbuki hata moja. Mama yako ndiye aliyezikata. Tumebarikiwa.

Baba yako

Oruro, 27 Agosti

Baba mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma chini ya blanketi nikalia, mwanzoni kwa furaha, maana nami ningependa kumwona Mama. Kisha nikafika kwenye zile kona.

Baba, Mama hakujua kuendesha hata baiskeli. Ulikuwa umelala. Nisamehe, lakini niliahidi kusema yote.

Jumapili nilipanda basi mpaka Patacamaya, kwa Doña Casilda, yule muuza supu aliyesimama kama mama wa ubatizo wa lori siku lilipomwagiwa bia ya baraka. Nilimsomea barua. Akaweka mwiko chini.

"Baba yako anadhani lori ni la tajiri," akasema. "Lori ni mwanangu. Yeye ni yaya tu, na yaya anayesinzia hunyang'anywa mtoto."

Amesema ukipita atachukua ufunguo. Utakula, kisha utalala chumba cha nyuma mpaka uamke mwenyewe. Tajiri akilalamika, aende kwake. Hajaona bado tajiri anayethubutu kumkosea mama wa ubatizo mwezi wa Agosti, wakati wazee husema ardhi imefungua kinywa ikidai sadaka na kumwadhibu mkosaji.

Najua unachoogopa. Unaogopa kwamba ukilala vizuri hutamwona tena. Mimi pia naogopa hilo. Lakini Baba, hata kitandani watu huota.

Nijibu kwa dereva wa kwanza anayekuja Oruro: utampa Doña Casilda ufunguo?

Mwanao,
Sabina